Bustani ya Miti: Somo kwa Vikundi vya Kujisaidia



Somo letu la safari hii limetokana na kisa kidogo tulichokutana nacho Ndau, kisiwa kilicho kaskazini ya Pate katika visiwa vya Lamu. Anayekwenda Ndau kwa boti kutoka Lamu hupita mkondo wa Mkanda maji yakiwa yamejaa, na mikoko imesimama pande zote mbili kama ukuta. Ukiitazama kwa mbali unaona rangi moja tu ya kijani. Unadhani ni mti wa aina moja.

Tulipofika ufuoni tulimkuta mzee mmoja, fundi wa vyombo, akitia taruma jipya katika mashua kuukuu. Tukaketi kivulini tukamwamkia, kisha tukamwuliza, "Mzee wetu, taruma hili ni la mti gani?"

"La mlilana," akasema. "Kwa mataruma ndio mti nilioufundishwa na baba yangu."

Vijana wawili walikuwa wakimshikia ubao. Tukawageukia. "Na nyinyi je, mkitumwa mlilana mtautambua?"

Mmoja akacheka. "Si ile yote ni mikoko tu!"

Mzee hakucheka. Alisema, "Nikiondoka mimi, hawa watakata chochote watakachokiona." Akaongeza neno jingine ambalo hatujalisahau. Alituambia kwamba wanafunzi wa chuo kimoja waliwahi kuja na madaftari, naye akatembea nao matopeni kutwa nzima akiwatajia kila mti na kazi yake. Waliandika yote. "Ile karatasi," akasema, "sijaiona mpaka leo."

Basi, ndugu zetu, hapo pana hasara mbili. Ya kwanza, vijana wa kijiji hawayajui majina ya miti yao. Ya pili, majina hayo yameandikwa mahali, lakini kijiji hakina nakala. Katika somo hili tutaeleza dawa ya hasara hizo mbili. Vyuo vikuu wana dawa yao ya zamani inayoitwa bustani ya miti. Tutaona inavyofanya kazi, kisha tujiulize: je, kikundi cha kijiji kinaweza kuwa na yake?

BUSTANI YA MITI NI KITU GANI?

Msitu una miti iliyojiotea. Shamba la miti lina miti iliyopandwa ili ikatwe. Bustani ya miti, ambayo wataalamu huiita aboreta, ni kitu kingine. Ni mahali ambapo miti ya namna nyingi imepandwa au imechaguliwa makusudi, ili watu waijue. Kila mti una jina, una nambari, na una ukurasa wake katika daftari. Humo mmeandikwa mbegu ilitoka wapi, ilipandwa lini, nani aliileta, mti umefikia unene gani, na ulizaa mara ya kwanza mwaka gani. Katika mti wenyewe kimefungwa kibao ili mpita njia asome.

Ukiondoa kibao na daftari, itabaki miti ya kivuli tu. Wazee wetu walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hiyo hatuitumii kwa duka peke yake. Hata mti ni mali.

Bustani ya namna hii ina kazi tatu:

1. Kufundisha. Mwanafunzi haujui mti kwa picha ya kitabuni. Lazima auguse, aunuse jani, aone ua na tunda.

2. Kuhifadhi. Mti unaokaribia kwisha msituni huwekwa hapo, mbegu zake zikatunzwa na kugawanywa.

3. Kuwatumikia majirani. Watu hupata kivuli, miche, mbegu, ushauri na mahali pa kutembea na watoto.

Nchini kwetu bustani ya miti inayojulikana zaidi ni Nairobi Arboretum. Ilianzishwa mwaka 1907 ili kujaribu miti iliyoletwa kutoka nje. Zamani zile magari ya moshi yalikuwa yakila kuni nyingi, na serikali ilitaka kujua ni miti gani ingekua upesi. Leo eneo hilo la hekta 30 hivi lina aina zaidi ya 300 za miti ya kigeni na ya kienyeji. Halimilikiwi na chuo kikuu, lakini liko karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi. Wanafunzi huenda kusoma miti, na familia huenda kupumzika. Kumbe mahali palipoanzishwa kwa sababu ya kuni pamekuwa shule ya watu wote.

MAPATANO YA BOSTON

Sasa twende mbali kidogo, kwa sababu huko kuna jambo la kujifunza juu ya mapatano.

Mwaka 1868 alifariki Marekani mfanyabiashara mmoja aitwaye James Arnold, wa mji wa bandari wa New Bedford. Alikuwa mtu wa pwani kama sisi, na utajiri wake ulitokana na biashara ya nyangumi. Sehemu ya mali aliyoiacha ilitumika kuanzisha bustani ya miti ya Chuo Kikuu cha Harvard, katika mji wa Boston, mwaka 1872. Bustani hiyo huitwa Arnold Arboretum mpaka leo.

Chuo kilikuwa na walimu na wataalamu. Lakini bustani kubwa inataka barabara na ulinzi, na fedha hazikutosha. Kwa upande wa pili, mji wa Boston ulitaka mahali ambapo watu wake wangetembea na kupumzika, lakini haukuwa na wataalamu wa miti. Basi mwaka 1882 wakaandikiana mkataba. Ardhi ikawa ya mji, mji ukaikodisha tena kwa chuo kwa muda wa miaka 1,000. Mji utengeneze barabara na kuleta walinzi. Chuo kitunze miti na kufundisha. Na milango iwe wazi kwa watu wote bila malipo. Mkataba huo bado unafuatwa.

Tunataka mwone jambo gani hapa? Siyo ukubwa wa bustani wala utajiri wa Harvard. Mwone kwamba kila upande ulisema waziwazi unatoa nini na unapata nini, na yakaandikwa. Mzee wetu wa Ndau alitoa elimu yake yote kutwa nzima. Hakuna aliyeandika yeye atapata nini, na kweli hakupata kitu.

MTI ULIOKARIBIA KUPOTEA PWANI YETU

Kazi ya kuhifadhi tutaieleza kwa mfano wa hapa hapa pwani.

Mwaka 1977, karibu na Mwarakaya katika Kilifi, wataalamu waliona mti ambao sayansi ilikuwa haijautambua. Uliitwa kwa jina la kisayansi Karomia gigas. Miaka michache baadaye miti hiyo iliyojulikana Kenya ilikuwa imekatwa. Aliyekata hakuwa na ubaya. Hakuna kibao kilichomwambia kwamba pale pana mti usiopatikana kwingine Kenya. Mti ukadhaniwa umetoweka.

Mwaka 2011 watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipata miti michache ya aina hiyo kusini mashariki ya Tanzania. Baadaye mbegu zilipelekwa katika bustani ya mimea ya Missouri huko Marekani, na baada ya kuhangaika sana wataalamu wakafaulu kuzioteza. Sasa mti huo una mahali zaidi ya pamoja pa kuishi.

Hapo ndipo tunapoona maana ya kuhifadhi. Mvuvi haweki samaki wake wote katika dema moja. Mti ulio mahali pamoja tu, moto mmoja au panga moja linaumaliza. Mti ulio katika bustani tatu au nne una nafasi ya kurudi hata kama umekwisha kwao.

GAZI: WALIANZA NA DAFTARI

Wengine mtasema, "Haya ni mambo ya vyuo vikubwa, sisi watu wa vijijini tutayaweza wapi?" Tuwapeleke Gazi, kijiji cha wavuvi katika Kwale, kusini ya Mombasa.

Katika miaka ya 1970 mikoko ya ghuba ya Gazi ilikatwa kwa wingi, ikawa kuni za viwanda. Sehemu nyingine zikabaki uwanja mtupu wa matope. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Bahari na Uvuvi ya Kenya, yaani KMFRI, walianza kupanda tena pamoja na wanakijiji. Lakini hawakupanda hivi hivi. Walipanda kwa vipande, na katika kila kipande wakaandika ni mti wa aina gani, umepandwa lini, na umbali kati ya mche na mche ni hatua ngapi. Kila baada ya muda wakarudi kupima.

Wanafunzi wa vyuo vikuu vya Kenya na vya ng'ambo wakaanza kwenda Gazi kujifunza. Kwa kweli msitu ule ukawa bustani ya miti ya chuo kikuu, ingawa hauna geti wala ukuta. Akina mama wa Gazi nao wakajenga njia ya mbao inayopita juu ya matope kati ya mikoko. Wageni hulipa kidogo, hutembea na kuonyeshwa miti, na akina mama hupata mapato.

Kisha mwaka 2013 ukaanza mradi wa Mikoko Pamoja wa vijiji vya Gazi na Makongeni. Tuueleze kwa ufupi. Mti unapokua huvuta hewa chafu ya kaboni na kuiweka katika shina, mizizi na matope. Mikoko hushika kaboni nyingi kuliko misitu mingi ya bara, na sehemu kubwa hukaa katika yale matope. Watu na mashirika ya nje hulipa ili kaboni ile iendelee kukaa pale. Mradi unasimamia hekta 117, na kaboni inayohesabiwa ni karibu tani 3,000 kwa mwaka. Fedha hupokelewa kwa ajili ya kijiji kizima, na zimetumika kwa maji ya bomba na mahitaji ya shule. Mwaka 2017 mradi ulipata tuzo ya kimataifa ya Ikweta.

Sasa, ndugu zetu, tafadhali msikimbilie fedha mkaacha somo. Fedha zile zilikuja baada ya miaka 20 ya kupima na kuandika. Mnunuzi alitaka ushahidi, na ushahidi ulikuwamo katika madaftari. Kijiji kisicho na daftari hakiwezi kuuza hata hewa.

KWA NINI NDAU NA VISIWA VYA LAMU?

Mikoko ya Kenya nzima ni kiasi cha hekta 61,000, na zaidi ya nusu yake iko Lamu. Kwa karne nyingi majahazi yalipakia boriti katika visiwa hivi na kuzipeleka Arabuni na Ghuba, zikaezeka nyumba za huko. Wakataji wetu wana majina kwa kila unene wa mti: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, vigingi, banaa. Hiyo peke yake ni elimu. Si kila mtu duniani anaweza kuingia msituni, akatazama mti na kukutajia kazi yake kabla ya kuukata.

Lakini maamuzi juu ya mikoko hufanywa mbali. Mwaka 1982 serikali ilipiga marufuku kupeleka boriti nje ya nchi. Mwezi wa Februari 2018 ilisimamisha ukataji wa miti katika misitu ya umma na ya jamii, na familia za wakataji wa Lamu zikapata taabu. Hatusemi kwamba serikali ilikosea au ilipatia. Tunasema hivi: siku ya kuitwa mkutanoni, kikundi chenye daftari kinaweza kusimama na kusema, "Hapa tulikata, hapa tukapumzisha, hapa tulipanda, na miti imefikia unene huu." Kikundi kisicho na daftari kitasema, "Tunaomba mtuhurumie." Mnajua wenyewe ni lipi kati ya maneno hayo mawili lenye nguvu.

MITI YA KUANZIA

Nchini Kenya kuna aina tisa za mikoko. Tutataja zile mnazokutana nazo zaidi, na jina la kisayansi, ili kibao chenu kisomeke hata na mgeni.

Mlilana (Sonneratia alba). Hukaa mbele kabisa, ukitazama bahari. Mizizi yake hutokeza juu ya matope kama vigingi. Mafundi huutumia kwa mataruma ya vyombo, na wavuvi huchonga maboya kwa mizizi yake.

Mkoko wenyewe (Rhizophora mucronata). Una mizizi kama miguu ya kaa. Ndio boriti na nguzo. Jina lake ndilo limewafunika wenzake wote, na ndiyo sababu kijana wetu alisema "yote ni mikoko tu".

Muia (Bruguiera gymnorrhiza). Wengine huuita msindi. Mizizi yake imepinda kama magoti. Huu nao ni mti wa boriti.

Mkandaa (Ceriops tagal). Mwembamba, hukaa nyuma ya mkoko. Hutoa fito na pau, na gome lake ni la rangi ya kutengenezea ngozi.

Mchu (Avicennia marina). Hustahimili chumvi nyingi, hata pale nyuma maji yanapofika mara chache. Chini yake utaona vijiti vingi vya mizizi vilivyosimama. Hutumika kwa kuni na kuchomea chokaa.

Mkomafi (Xylocarpus granatum). Tunda lake ni kubwa kama mpira, na mbao yake ni nzuri kwa samani na vyombo.

Kikandaa (Lumnitzera racemosa). Mdogo, hukaa ukingoni karibu na nchi kavu. Wengi huupita bila kuuona.

Msisahau nchi kavu. Mkwaju, mbuyu, mbambakofi wa milango na majahazi, mkoma ambao akina mama husuka miyaa yake: yote inastahili kibao. Tena katika miti ya dawa na ya ususi, akina mama ndio walimu. Kikundi kikiwauliza wanaume peke yao, nusu ya daftari itabaki tupu.

HATUA SABA ZA KUANZA

Hatua ya 1. Tembeeni kwanza. Chagueni siku ya maji kupwa. Wachukueni wazee wawili au watatu, mafundi na akina mama, pamoja na watoto wa shule. Kila mti mzee anaousimamia, ulizeni jina, kazi, na mahali unapopenda kuota. Msipande kitu siku hiyo. Andikeni tu.

Hatua ya 2. Chagueni eneo dogo. Kuanza na ukanda mmoja unaotoka baharini mpaka nchi kavu kunafaa zaidi, kwa sababu mtapata karibu aina zote kwa mpangilio wake. Miti iliyokwisha kuota ndiyo bustani yenu. Miti 20 yenye vibao inatosha mwaka wa kwanza.

Hatua ya 3. Ombeni ruhusa. Misitu ya mikoko ilitangazwa kuwa hifadhi ya serikali tangu mwaka 1932. Kwa hiyo kikundi hakiwezi kuweka uzio au kukata bila kuzungumza na Shirika la Huduma za Misitu la Kenya, KFS. Sheria ya misitu ya mwaka 2016 inaruhusu wananchi kuungana katika chama cha msitu cha jamii na kuandikiana mkataba na shirika hilo. Nendeni pamoja na mzee wa kijiji na mwalimu mkuu.

Hatua ya 4. Tengenezeni vibao. Kipande cha ubao kilichopakwa rangi kinatosha. Andikeni nambari, jina la kwenu, na jina la kisayansi. Fungeni kwa kamba iliyolegea. Msipigilie msumari, na kila mwaka mlegeze kamba kwa sababu mti unanenepa.

Hatua ya 5. Fungueni daftari. Pigeni mistari muwe na nafasi hizi: nambari ya mti, jina la hapa, jina la kwingine, mahali, tarehe, matumizi, unene, na jina la mzee aliyetuonyesha. Hiyo nafasi ya mwisho msiiache. Mzee akifariki, wajukuu watasoma kwamba elimu hii ilitoka kwake. Wekeni madaftari mawili yanayofanana, moja kwa katibu na moja shuleni.

Hatua ya 6. Pimeni kila mwaka. Zungusheni uzi katika shina, usawa wa kifua, kisha pimeni uzi kwa rula ya fundi. Kwa mkoko, pimeni juu kidogo ya mzizi wa juu kabisa. Tieni alama ya rangi ili mwaka ujao mpime pale pale. Watoto wa darasa la juu wanaiweza kazi hii, tena inawafundisha hesabu.

Hatua ya 7. Sasa pandeni. Mbegu za mkoko huota zikiwa bado mtini, zinaning'inia kama mishumaa mirefu. Chukueni zilizokomaa, zisizotobolewa na wadudu. Kipande cha hatua 10 kwa 10 kinachukua miche kama 100. Miti ya nchi kavu ipandeni mvua za masika zinapoanza. Maji ya jabia ni ya kunywa watu. Msianze bustani itakayogombana na ndoo ya mama.

TAHADHARI

Kosa kubwa linalofanyika katika kupanda mikoko ni kupanda mkoko kila mahali, kwa sababu tu mbegu zake ni rahisi kuokota. Watu hukusanyika, hupiga picha, hupanda maelfu kwenye tope tupu mbele ya mlilana. Baada ya miezi michache mawimbi yamezoa yote. Au hupanda juu ya majani ya bahari, wakaharibu malisho ya samaki ili kupanda miti ambayo haitakua. Ulizeni kwanza: hapa paliwahi kuota nini, na kwa nini pamebaki tupu? Mara nyingi ukiondoa kilichozuia maji, mikoko hurudi yenyewe.

Tena msidhani mti ukishapandwa umekwisha kuokoka. Mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 ziliteremsha udongo mwingi katika hori ya Mwache, Mombasa. Mizizi ikafunikwa ikakosa hewa, na mikoko mingi ikafa imesimama. Maafa ya namna hiyo hayazuiliki kwa daftari, lakini aliyeandika atajua ni aina gani iliyovumilia na ipi iliyokufa. Huyo akipanda tena hatabahatisha.

MGENI AKIJA NA DAFTARI LAKE

Bustani yenu ikijulikana, wanafunzi na walimu wa vyuo vikuu watakuja. Wapokeeni vizuri. Wana elimu ambayo hamna, nanyi mna elimu ambayo hawana. Chuo Kikuu cha Pwani kiko Kilifi, na KMFRI wako Mombasa; kikundi kinaweza hata kuandika barua na kuwaalika. Lakini kumbukeni mapatano ya Boston. Kabla ya kuingia matopeni, kaeni chini mkubaliane mambo manne:

Kwanza, kiongozi wa njia alipwe siku yake, kama fundi mwingine yeyote.

Pili, atakayefundisha atajwe jina katika kazi itakayoandikwa, kama mwenyewe anataka.

Tatu, nakala moja irudi kijijini, na mgeni aje aieleze kwa Kiswahili mbele ya kikundi na shule.

Nne, mambo ya dawa ambayo wazee hawataki yatoke, yasitoke.

Andikeni, mtie sahihi pande zote mbili. Mgeni mwema hatakasirika. Atakayekasirika, mmemjua mapema.

Tulipomweleza mzee wa Ndau juu ya mapatano haya, alinyamaza kidogo, akaendelea kugonga taruma lake. Kisha akamwambia yule kijana aliyecheka, "Kesho maji yakipwa, uje na kalamu." Ikiwa somo hili litafanya mzee mmoja na kijana mmoja katika kijiji chenu waingie matopeni pamoja wakiwa na kalamu, bustani yenu imekwisha kuanza.

MASWALI YA KUJADILIANA KIKUNDINI

1. Kila mwanakikundi ataje miti mitano ya hapa kijijini na kazi ya kila mmoja. Nani ametaja zaidi, wazee au vijana? Kwa nini?

2. Je, kuna mti uliokuwapo zamani na sasa haupo? Ulikwisha vipi? Mbegu yake inaweza kupatikana wapi?

3. Kuna wageni waliowahi kuja kuuliza habari za kijiji chenu? Waliacha nini?

4. Ni nani kati yenu atakayeshika daftari la kwanza, na la pili litawekwa wapi?

5. Kama kikundi chenu kiko bara, mbali na bahari, ni eneo gani linafaa kuwa bustani ya miti: uwanja wa shule, ukingo wa mto, au kichaka cha wazee? Nani mwenye haki ya kutoa ruhusa?

KAZI YA MWEZI HUU

Tembeeni mara moja na mzee mmoja. Rudini na majina kumi yaliyoandikwa. Mkutano ujao yasomwe kwa sauti mbele ya wote, na anayejua jina jingine la mti ule ule aliongeze.